Maji ya Ardhini na Uthabiti wa Mabonde ya Kampala: Historia ya Usimamizi Uliogawanyika

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya usimamizi wa maji ya ardhini jijini Kampala, tangu miaka ya 1880 hadi 2024, kwa kuzingatia uhusiano wake na kutitia kwa ardhi. Mjadala wa kimataifa kuhusu suala hili umejengwa juu ya mifano ya miji ya tambarare, kama vile Bangkok na Tokyo, ambako uvutaji wa maji kwa visima virefu ulikuwa chanzo kikuu cha ardhi kushuka. Makala yanaonyesha kuwa Kampala ina ardhi ya namna mbili: vilima vyenye udongo wa lateriti juu ya miamba ya kale, na mabonde ya mafunjo yenye udongo laini uliojaa maji. Hatari kubwa iko katika mabonde, nayo inatokana na ukaushaji, ujazaji na ujenzi kuliko uvutaji wa visima peke yake. Hoja kuu ni kwamba maji ya ardhini ya Kampala ni mamoja, lakini historia imeyagawa katika taasisi mbalimbali, kila moja ikisimamia sehemu yake. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba bonde liwe kipimo cha usimamizi badala ya kisima.

Utangulizi

Kampala huitwa mji wa vilima, na simulizi ya historia yake kwa kawaida hupanda kilima kimoja hadi kingine: Mengo ya Kabaka, Rubaga ya Wakatoliki, Namirembe ya Waanglikana, Kibuli ya Waislamu, Nakasero ya serikali ya kikoloni, Makerere ya wasomi. Mabonde yaliyo katikati ya vilima hivyo hayajapata nafasi kubwa katika simulizi hiyo, ingawa ndiko maji yanakotiririkia, ndiko chemchemi zinakobubujika, na ndiko wengi wa wakazi maskini wa jiji wanakoishi leo.

Upungufu huo si wa masimulizi tu. Umeathiri pia namna ambavyo dola, tangu ukoloni hadi sasa, imeyatazama maji yaliyo chini ya ardhi. Nyakati mbalimbali maji hayo yamechukuliwa kuwa adui wa afya, hifadhi ya dharura, bidhaa inayohitaji kibali na kikwazo cha ujenzi. Ni mara chache tu yametazamwa kuwa sehemu ya kile kinachoibeba ardhi yenyewe. Swali linaloongoza makala haya ni hili: usimamizi wa maji ya ardhini jijini Kampala umefikaje ulipo, na historia hiyo inawafunza nini wanaotunga sera za kuzuia ardhi isititie?

Maji na uzito wa ardhi: funzo la miji mingine

Kutitia kwa ardhi kunakosababishwa na maji kuna msingi wa kifizikia unaoeleweka vizuri. Katika udongo uliojaa maji, uzito wa kila kilicho juu hubebwa na vitu viwili kwa pamoja: chembe za udongo na shinikizo la maji yaliyo katikati ya chembe hizo. Karl Terzaghi aliifafanua kanuni hiyo katika miaka ya 1920. Maji yakiondolewa, mzigo wote huhamia kwenye chembe. Mchanga na changarawe hustahimili kwa kiasi kikubwa, lakini udongo wa mfinyanzi hugandamana, na sehemu kubwa ya mgandamano huo hairudi hata maji yakirejea. Kwa hiyo ardhi iliyotitia haiponywi. Linalowezekana ni kuizuia isiendelee kushuka.

Miji kadhaa ya Asia ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Katika sehemu za chini za Tokyo, hasa Koto, ardhi ilishuka kwa jumla ya takriban mita 4.5 katika karne ya 20, hadi sheria za 1956 na 1962 zilipoanza kudhibiti uvutaji wa maji viwandani na katika majengo. Huko Bangkok, viunga vya mashariki vilikuwa vikishuka kwa zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka mnamo 1980. Thailand ilikuwa imepitisha Sheria ya Maji ya Ardhini mwaka 1977. Baadaye iliongeza ada ya uvutaji hatua kwa hatua, na kuanzia 2004 ikatoza ada ya ziada ya uhifadhi, huku ikipanua mtandao wa mabomba. Uvutaji ulipungua, kina cha maji kikapanda, na kasi ya kutitia ikashuka sana.

Afrika Mashariki ina mifano yake ya shinikizo juu ya maji ya ardhini. Nairobi ilitangazwa eneo la hifadhi ya maji ya ardhini tangu miaka ya 1950, lakini visima viliendelea kuongezeka na katika sehemu kadhaa kina cha maji kimeshuka kwa makumi ya mita. Dar es Salaam, ukame wa 1997 ulichochea uchimbaji mkubwa wa visima vya dharura, na maji ya chumvi yamekuwa yakipenya katika visima vya karibu na pwani.

Hata hivyo, mfano unaoyafaa zaidi mabonde ya Kampala hauko Bangkok wala Nairobi. Uko katika vinamasi vya mashariki ya Uingereza. Huko Holme Fen, katikati ya karne ya 19, nguzo ya chuma ilisimikwa ardhini wakati ziwa la jirani lilipokuwa likikaushwa, ncha yake ikiwa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo hiyo imejitokeza kwa takriban mita 4. Haikuinuka, ardhi ndiyo iliyoshuka. Mboji ya kinamasi ikikaushwa hugandamana, kisha hewa ikiifikia huoza na kupotea. Hapo hapakuhitajika visima virefu. Mifereji na pampu za kukausha bonde zilitosha.

Vilima, mabonde na chemchemi kabla ya bomba

Kampala imejengwa juu ya miamba ya kale sana iliyochakaa kwa muda mrefu. Juu ya mwamba mgumu kuna tabaka la mwamba uliooza na udongo, na juu ya vilima vingi kuna kofia ya lateriti nyekundu. Maji ya ardhini hukaa mahali pawili: katika tabaka hilo lililochakaa na katika nyufa za mwamba ulio chini yake. Mvua inayonyesha juu ya vilima hupenya ardhini, huteremka polepole, kisha hutokeza miguuni mwa kilima kama chemchemi. Chini zaidi, bonde lina udongo wa mfinyanzi, mchanga na mabaki ya mimea, na kina cha maji ni kifupi mno. Mabonde ya kusini na mashariki, likiwemo Nakivubo, humwaga maji Ziwa Viktoria. Yale ya kaskazini na magharibi, likiwemo Lubigi, huyapeleka katika mto Mayanja, kisha Kafu.

Watu wa Buganda waliijua tofauti hiyo kabla haijachorwa katika ramani. Makazi na migomba vilikaa kwenye miteremko. Bonde lilitoa mafunjo, udongo wa kufinyangia vyungu, samaki na maji. Barabara za ufalme zilipolazimika kuvuka kinamasi, zilipitishwa juu ya madaraja yaliyohitaji kutengenezwa mara kwa mara, kwa kuwa ardhi ya pale haikuaminika. Lugha yenyewe imehifadhi ujuzi huo: Kisenyi, mtaa ulio karibu na kitovu cha jiji la leo, una jina litokanalo na neno la Kiganda lenye maana ya bonde lenye majimaji.

Chemchemi, au oluzzi, ilikuwa mali ya wote hata pale ambapo ardhi iliyoizunguka ilikuwa chini ya chifu fulani. Ilisafishwa kwa bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi, na baadhi ya visima vilihusishwa na misambwa, mizimu ya mahali. Mtu aweza kuutazama utaratibu huo kama imani tu, lakini kwa matokeo yake ulikuwa usimamizi: ulitaja nani anawajibika, lini kazi ifanyike na nini kisiruhusiwe karibu na maji.

Dola nayo haikuwa mgeni wa maji. Katikati ya miaka ya 1880 Kabaka Mwanga II aliamuru ziwa lichimbwe karibu na ikulu yake ya Mengo, akikusudia kuliunganisha na Ziwa Viktoria. Kazi ya shokoa iliyotumika iliwachosha na kuwaudhi watu, wakiwemo machifu, na ni moja ya manung'uniko yaliyotangulia kupinduliwa kwake mwezi Septemba 1888. Ziwa la Kabaka bado lipo. Ni ukumbusho kwamba mabadiliko ya maji katika bonde yana gharama ya kijamii tangu siku ya kwanza, na kwamba gharama hiyo haiangukii wanaotoa amri.

Udhibiti wa malaria na ukaushaji wa mabonde

Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi katika kilima cha Kampala Kongwe mnamo Desemba 1890. Miaka kumi baadaye, Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi ya ufalme kati ya Kabaka, familia yake, machifu na Taji la Uingereza, na kuanzisha umiliki wa mailo. Mji ukawa na pande mbili: upande wa Kabaka uliokuwa Mengo na viunga vyake, na upande wa manispaa ya kikoloni uliokuwa Nakasero na Kololo. Bonde la Nakivubo lilikuwa katikati ya pande hizo.

Baada ya Ronald Ross kuthibitisha mwaka 1897 kuwa mbu hubeba vimelea vya malaria, kinamasi kilibadilika machoni pa watawala. Hakikuwa tena chanzo cha maji na mafunjo. Kilikuwa tishio. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kukagua hali ya usafi Afrika Mashariki mwaka 1913, alipendekeza utengaji wa makazi kwa misingi ya rangi pamoja na utoaji wa maji yaliyotuama. Katika miongo iliyofuata mifereji ilichimbwa, mafunjo yakafyekwa, na mikaratusi ikapandwa mabondeni ili ifyonze maji.

Mkaratusi unastahili kutajwa kwa uzito katika historia hii. Kwa hesabu ya maji, shamba la mikaratusi katika bonde ni kundi la pampu zisizozimwa. Serikali ya kikoloni haikutoa kibali cha kuvuta maji hayo kwa kuwa haikuyaona kuwa uvutaji; iliyaona kuwa tiba. Hapo ndipo mgawanyiko wa kwanza ulipozaliwa. Maji ya chini ya bonde yakawekwa mikononi mwa idara ya afya, ambayo mafanikio yake yalipimwa kwa ukavu. Hakuna aliyepewa jukumu la kuuliza udongo wa mfinyanzi na mboji hufanya nini unapokauka.

Mipango miji ya baadaye iliurithi mtazamo huo. Ernst May, mbunifu Mjerumani aliyeandaa mpango wa upanuzi wa Kampala katika miaka ya 1940, aliyaelekeza makazi mapya kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Vilima viliwekewa barabara na mabomba, ilhali mabonde yalibaki kuwa nafasi ya kutenganisha. Kile kinachoachwa wazi na mpango bila kupewa kazi wala mlinzi hukaliwa na wale ambao mpango haukuwahesabu.

Bomba la Ggaba na kusahauliwa kwa chemchemi

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtambo wa kusafisha maji ulijengwa Ggaba, katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Tangu hapo maji rasmi ya Kampala yakawa ya ziwani. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC, lililoanzishwa mwaka 1972, lilirithi mfumo huo katika Kampala, Jinja na Entebbe. Mitambo ya Ggaba II na Ggaba III iliongezwa miaka ya 1990 na 2000, na baadaye ukaja mtambo wa Katosi, wilayani Mukono.

Uchaguzi wa ziwa uliliepusha jiji na njia iliyofuatwa na Bangkok, kwa kuwa Kampala haikulazimika kuishi kwa visima virefu. Lakini ulikuwa na athari ya pili. Chemchemi ziliondoka katika hesabu za dola bila kuondoka katika maisha ya watu. Mtandao wa bomba haukuwafikia wote, na katika miaka ya 1970 na mapema miaka ya 1980, uchumi ulipoporomoka na vita vikaendelea, hata waliokuwa na bomba walirudi chemchemini na madumu yao. Wakati huohuo mji ulikua: sensa ya 1969 ilihesabu watu 330,700, ya 1991 ikahesabu 774,241, na ya 2014 ikahesabu 1,507,080.

Ongezeko hilo lilibadilisha kilicho chini ya ardhi. Vyoo vya shimo vilisogea karibu na chemchemi. Guy Howard na wenzake, waliopima chemchemi zilizojengewa kinga jijini Kampala mwishoni mwa miaka ya 1990, walionyesha kuwa uchafuzi wa vimelea ulipanda haraka baada ya mvua, na kwamba hali ya ujenzi na usafi unaoizunguka chemchemi yenyewe ilichangia sana. Robinah Kulabako na wenzake, waliochunguza Bwaise III, walikuta maji yakiwa karibu mno na uso wa ardhi na yakipanda upesi msimu wa mvua. Kipindupindu cha 1997 na 1998, kilichofuatana na mvua kubwa za El Niño, kiliufanya ugunduzi wa aina hiyo kuwa suala la uhai.

Tafiti hizo zilihusu ubora wa maji, lakini zinafichua pia jambo linalohusu uthabiti wa ardhi. Bonde la Kampala hupokea na kupoteza maji kwa kasi. Udongo wake hujaa na kukauka pamoja na misimu miwili ya mvua. Chemchemi basi ni zaidi ya mahali pa kuteka: ni dirisha la kuona hali ya maji chini ya kilima kizima. Jiji lilipoacha kuzihesabu, lilipoteza chombo cha kipimo ambacho halikukinunua.

Sheria za 1995 na baada yake: maji mamoja, milango minne

Mwaka 1986 serikali ya Uganda ilisimamisha ukaushaji mkubwa wa ardhioevu, na mwaka 1988 nchi ikajiunga na Mkataba wa Ramsar. Mwaka 1995 ulikuwa wa kipekee. Katiba mpya, katika ibara ya 237, iliweka maziwa, mito na ardhioevu chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Mwaka huohuo zilikuja Sera ya Taifa ya Ardhioevu, Sheria ya Maji na Sheria ya Mazingira iliyounda mamlaka ya mazingira, NEMA. Kanuni za Rasilimali za Maji za 1998 zilimtaka anayevuta maji ya ardhini kwa pampu ya mota awe na kibali, na wachimbaji wa visima wawe na leseni. Kanuni za Ardhioevu za 2000 zikaweka vibali vya shughuli ndani ya mabonde.

Kwa maandishi, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizotangulia. Udhaifu ulikuwa katika muundo. Anayechimba kisima huenda kwa idara ya rasilimali za maji. Anayejaza bonde udongo huhitaji idhini ya NEMA. Anayejenga juu ya udongo huo huwasilisha michoro kwa mamlaka ya jiji, ambayo tangu 2011 ni KCCA. Anayetaka bomba huenda NWSC. Kila mlango una fomu, ada na kumbukumbu zake. Hakuna mlango unaouliza jumla ya yote yanayotendeka katika bonde moja.

Mfano wa Nakivubo unaonyesha gharama ya mgawanyiko huo. Bonde hilo hupokea majitaka na maji ya mvua kutoka kitovu cha jiji kabla hayajaingia ghuba ya Murchison, ghuba ileile inayolisha mitambo ya Ggaba. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walikadiria kuwa huduma ya usafishaji inayotolewa na ardhioevu hiyo ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Bonde linapojazwa, maji machafu hufika ziwani upesi zaidi na usafishaji huwa ghali zaidi. Maji ya bomba yakipanda bei au yakikatika, hoteli, shule, viwanda na majengo ya ghorofa huwa na sababu ya kuchimba visima vyao. Hivyo uharibifu wa bonde, ambao hauhesabiwi kuwa suala la maji ya ardhini, huongeza uvutaji wa maji ya ardhini.

Bonde lililojengwa

Kwa takwimu za serikali, ardhioevu ilifunika asilimia 15.6 ya Uganda mwaka 1994. Kufikia 2019 ilikuwa imeshuka hadi takriban asilimia 9. Kampala na viunga vyake vimo katika maeneo yaliyoathiriwa zaidi. Barabara ya Mzunguko ya Kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2009, ilipita katika ardhioevu ya Lubigi na kurahisisha ufikiaji wa sehemu ambazo hapo awali zilikuwa mafunjo matupu. Malori ya udongo mwekundu yalifuata.

Kinachotokea baada ya lori kumwaga udongo kinaelezeka kwa kanuni ileile ya Terzaghi. Kifusi ni mzigo mpya juu ya udongo laini uliojaa maji. Maji hukamuliwa taratibu na uso hushuka kwa miezi au miaka. Kwa kuwa unene wa tabaka laini hutofautiana hatua chache tu baina ya mahali na mahali, kushuka nako hakulingani: kona moja ya nyumba hutangulia nyingine, ukuta hupasuka, mfereji hupoteza mteremko wake. Jirani akichimba mtaro wa kukausha kiwanja chake, au akipanda mikaratusi, au akifunga pampu katika kisima kifupi, huongeza mzigo juu ya chembe za udongo wa mwenzake bila kugusa mpaka. Hapa kutitia kwa ardhi hakuonekani katika ramani ya jiji zima kama ilivyokuwa Bangkok. Huonekana nyumba kwa nyumba, na kwa sababu hiyo huandikwa kuwa kosa la fundi.

Maji ya mjini yana utata mwingine. Mapaa na lami huzuia mvua isipenye vilimani, lakini mabomba yanayovuja, vyoo na mifereji hurudisha maji ardhini. Katika mtaa mmoja kina cha maji chaweza kushuka huku katika mtaa wa pili kikipanda. Bwaise inafurika si kwa sababu maji ya ardhini yamekwisha, bali kwa sababu yamejaa na hayana pa kwenda. Sera inayolenga kupunguza uvutaji tu haina la kumwambia mkazi wa Bwaise, na sera inayolenga kukausha tu itamletea tatizo la pili baada ya kumwondolea la kwanza.

Aidha, kuna suala la haki. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua kuwa hati za ardhi zilizotolewa ndani ya ardhioevu baada ya 1995 zifutwe. Mwaka 2024 NEMA iliwaondoa wakazi waliojenga Lubigi. Msingi wa kisheria ulikuwepo tangu Katiba, lakini kwa karibu miaka 30 ofisi nyingine za dola ziliruhusu au zilinyamazia ujenzi uleule. Familia iliyonunua kiwanja, ikajaza udongo na kulipia umeme, ilikuwa imesikia ndiyo ya mlango mmoja kabla ya kusikia hapana ya mwingine. Mgawanyiko wa taasisi humfikia mwananchi kwa sura hiyo: akiba ya maisha iliyozama katika udongo ambao hakuna aliyemwonya kuuhusu kwa wakati.

Athari kwa sera

Historia hii inatoa mafunzo manne. La kwanza ni kutonakili tiba bila kuchunguza ugonjwa. Ada ya uvutaji iliisaidia Bangkok kwa sababu jiji hilo lina tabaka nene za mfinyanzi juu ya mchanga wenye maji mengi uliovutwa kwa visima virefu. Vilima vya Kampala havina tabaka hizo. Udhibiti wa visima virefu ni wa lazima kwa ajili ya wingi na ubora wa maji, lakini hauwezi peke yake kulinda ardhi ya mabonde.

La pili ni kulifanya bonde kuwa kipimo cha maamuzi. Nakivubo, Lubigi na mabonde mengine yanahitaji daftari moja ambamo kibali cha kisima, idhini ya kujaza, mchoro wa jengo na mpango wa mfereji husomwa pamoja kabla ya lolote kuidhinishwa. Hilo halihitaji chombo kipya. Linahitaji wajibu wa kisheria wa kila taasisi kuzisoma kumbukumbu za nyingine.

La tatu ni kupima. Alama za usawa zilizosimikwa katika mwamba wa kilimani, zikilinganishwa na alama za bondeni kila mwaka, ni njia ya gharama nafuu. Vipimo vya rada za setilaiti vyaweza kuziongezea upeo. Chemchemi zirudishwe katika hesabu: mtiririko wake ukipimwa kwa ndoo na saa na kamati ya mtaa, kila msimu, utaonyesha mwenendo wa maji ya kilima kizima. Hii ni bulungi bwansi kwa matumizi mapya. Nguzo ya Holme Fen haikuwa na mtambo wowote, lakini imetoa ushahidi kwa zaidi ya miaka 150.

La nne ni kutoifunga chemchemi kabla bomba halijafika kwa bei ambayo anayeteka leo anaweza kuilipa. Chemchemi chafu ni hatari, lakini kuiziba humsukuma mtu kwenye kisima kifupi kilichochimbwa uani, kisicho na kibali wala kumbukumbu. Hapo dola hupoteza afya ya mtu na taarifa ya maji kwa mara moja.

Hitimisho

Tangu Mwanga alipochimba ziwa lake hadi tingatinga zilipoingia Lubigi, mabonde ya Kampala yamebadilishwa mara nyingi na kwa sababu tofauti: fahari, afya, barabara, makazi, na hatimaye mazingira. Kila mara sehemu moja ya maji ilishughulikiwa kana kwamba nyingine hazipo. Makala haya yameonyesha kuwa chemchemi, ardhioevu, kisima na udongo unaobeba nyumba ni hatua za safari moja ya maji, na kwamba usimamizi unaozitenganisha huhamisha hatari kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kuipunguza.

Kampala bado ina nafasi ambayo miji mingi haikuipata. Jiolojia ya vilima vyake na ukaribu wa ziwa vimeiepusha na kushuka kwa jiji zima. Sehemu za mabonde yake bado zina mafunjo. Sheria zake za msingi zimekwisha kuandikwa. Kinachobaki ni uamuzi wa kiutawala wa kuyasoma maji hayo kama kitu kimoja, nao una muda maalumu, kwa kuwa mfinyanzi uliokwisha kugandamana hauinuki tena kwa sheria wala kwa mvua.